Orpha Teague, Mtunza Hazina wa Wanawake wa Laurel Fork

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu nimonia ikuchukue asubuhi ile ya Februari 1934, theluji ikiwa bado barazani.

Kwa miaka kumi na tisa ulitunza hazina ya Chama cha Wanawake cha Misheni katika kanisa letu la Kibaptisti. Historia yake uliiandika kwa mkono wako, tangu wanawake saba wa kwanza walipokutana jikoni kwa Bibi. Kila yai lililotagwa Jumapili lilikuwa la misheni. Baba alinung'unika, "Orpha, hata moja la kukaanga?" Nawe ukamjibu, "Kula mkate wa mahindi, Amzi. Jumatatu haiko mbali."

Shemasi Gentry alipokuja kuomba fedha za mayai hayo, akasema, "Dada Orpha, paa la kanisa linavuja." Ukamwambia, "Basi sogezeni viti."

Kisha benki ikafungwa, na dola mia mbili na kumi na mbili za chama zikapotelea humo. Zilikuwa mshahara wa Bi Estelle Pruitt, mwalimu wetu kule China. Wenzako wakataka aandikiwe arudi nyumbani. Ulisimama mbele yao, ukasema, "Kuku hawajui kama benki imefungwa."

Ukamfunga nyumbu kwenye mkokoteni, ukazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya mayai, mvua inyeshe isinyeshe. Miezi kumi na minne. Dola ya mwisho ilitumwa wiki mbili kabla hujaugua. Bi Estelle bado anafundisha, Mama.

Binti yako Verna amejaribu mara tatu kuoka pai yako ya viazi vitamu. Haiwi. Hukumwambia mtu kiasi cha mdalasini, na sasa tumwulize nani?

Mwezi uliopita Baba, ambaye hakuwahi kukanyaga mkutano wenu, alivaa koti la Jumapili akaenda kukaa nyuma kabisa, kofia mapajani. Taarifa ya mwaka ilipofika kwenye jina lako, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, Bi Katibu. Hapo, soma tena."

Akasomewa. Akaomba isomwe mara ya tatu, na hakuna aliyemkatalia.

Unakumbukwa na mumeo Amzi, wanao Verna na Hollis, mkweo Lottie, dada yako Philura Wagoner, na wanawake wote wa chama.

Haitapita siku tusikutaje, Mama.