Mapigo Saba ya Papa

Jumatatu, 9 Juni

Nimepoteza mapigo saba. Jana, Jumapili tarehe 8, saa kumi, kwenye mazoezi, mbele ya wapiga violon wote. Hilaire, maestro wetu, aliyafuta kwa kalamu — tchak! — kama mutu anayekata mkia wa samaki.

Na ni yeye aliyenifuata hapa kivukoni, mikono yangu bado kwenye grisi ya moteur. «Papa Franck, niletee kitu kidogo cha lokole, tutakirudia dakika kumi.» Ndivyo anavyofanya yule mzee mutunzi wa muziki Hilaire anayemwabudu, minimaliste wa Ulaya: kipande kifupi kinarudi, kinarudi, kinabadilika polepole mpaka unajisahau. Bon. Nikampa jina la marehemu papa yangu, kama lokole, ngoma yetu ya gogo, inavyoliita kwetu Yanonge. Mapigo 19: kumi na mawili yake mwenyewe, saba ya baba yake na kijiji cha mama yake.

Amebakiza 12. Ati 19 haigawanyiki! Bila yale saba, papa ni mutoto wa kuokotwa. Tena concert ni Jumamosi, mwaka mmoja kamili tangu tumzike.

Jumanne, 10 Juni

Nimesikiliza muziki wa yule mzee kwenye simu mara nne, huku nafungua carburateur. Nilitaka kumchukia. Imenishinda. Ni moteur inayozunguka vizuri — unashtuka tu pale kitu kimoja kinapohama. Na nimehesabu! Noti tano, halafu sita, halafu saba. Mpaka kumi na moja. Mzee mwenyewe haogopi 11, nayo haigawanyiki. Anayeogopa ni Hilaire.

Alhamisi, 12 Juni

Niliishia darasa la sita, lakini hesabu hii hainidanganyi. Violon zibaki na 12 zao, lokole ibaki na 19. Zinaachana, zinakutana tena baada ya mapigo 228. Mara tano: 1140. Kwa mwendo wa 114 kwa dakika — dakika kumi. Juste!

Nimejaribu na Tania wa violon, uani kwao. Mara ya kwanza alipotea, tukacheka. Ya pili, baada ya 228, tukatua pamoja — pa!

«Tonton, nani alikufundisha hii?»

Moteur mbili za hors-bord nyuma ya baleinière moja, mashua kubwa ya mbao, nikamwambia. Miaka ishirini nazisikia.

Karatasi ya hesabu nimempelekea Hilaire. «Tutaona, papa.» Tutaona nini?

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi, répétition, mazoezi ya mwisho. Nilipiga 19. Akasimamisha wote. Ati violon zitapotea, ati programme imeshachapwa. Tania: «Mais maestro, tulijaribu, iko inaenda!» Akaambiwa ashike upinde wake. Nikauliza: ndiyo ao hapana? «Papa Franck, usinitie presha.» Akaondoka na pikipiki yake.

Halafu simu. Tante Émilie, dada ya papa, yuko anapanda baleinière aje kwa concert. Kwetu jina likifika pigo la mwisho, ndugu anasimama, anaitika: tuko! «Sasa mutoto yangu, nitasimama wapi, kwa pigo gani?» Nikasema mtandao unakatika. Haukukatika.

Nimeandika message, nimefuta, nimeandika tena. Imeenda saa nane:

«Hilaire. 19 ao 12? Neno moja tu. Kesho saa tatu ya asubuhi. Ikipita, lokole haitoki hapa kivukoni. Tante atashuka, nitampigia yote kumi na tisa, ataitika.»