Vipimo vya Dereva

Jumatatu, 3 Juni

Kwa fundi wa kuchomelea,

Salamu. Sisi wazima, mtoto ameota meno mawili. Wewe sijui hali yako, na leo sina haja sana ya kuijua.

Mimi ni mke wa dereva wa lori la magogo. Jana nikifua shati lake nimekuta karatasi yako mfukoni. Upande mmoja umechora lori. Upande wa pili umeandika: “Njoo Jumamosi peke yako, nikupime mabega na kiuno.”

Dada, nimeishia darasa la saba, lakini hayo nimeyaelewa. Kwani unamshonea suti? Wiki tatu sasa ni fundi kasema hivi, fundi kasema vile. Mimi nikisema, anasinzia.

Nijibu. Barua anakuletea mwenyewe. Nimemwambia ni oda ya jiko.

Mama wa mtoto wake

Jumatano, 5 Juni

Mama mtoto,

Nakusalimu kwa heshima, na hayo meno mawili pia. Mumeo kaniuliza jiko gani hilo la kuandikiwa ukurasa mzima.

Kiuno ni cha mkanda wa kiti. Huko porini lori likipinduka, dereva asiyejifunga anarushwa huku na huku. Nataka kumwekea mikanda ya mabega na kiuno, na vyuma juu ya kichwa ili paa lisibonyee. Nilisema aje peke yake kwa sababu mbele ya wenzake anajitia dume: “Mimi si mtoto wa kufungwafungwa.” Hata hivyo hakuja.

Kubwa zaidi ni ekzosi. Bomba limetoboka chini ya kiti na sakafu imeliwa na kutu, kwa hiyo moshi anauvuta yeye. Ndiyo maana kichwa kinamuuma na anasinzia. Nataka kulipandisha bomba nyuma ya kebini, mdomo utokee juu ya paa. Anasema hana nafasi ya kulaza lori siku mbili. Nisaidie kumsukuma.

Fundi, dada yako ukipenda

Jumamosi, 8 Juni

Fundi,

Sijapenda bado. Mtoto hajambo.

Kichwa kinamuuma, mbona umeambiwa wewe? Mimi ninayemkanda shingo ananiambia ni jua. Hilo limenichoma kuliko kiuno.

Sikukuamini. Jana asubuhi nikatundika nepi nyeupe nyuma ya kiti, nikamwambia naikausha. Jioni imerudi nyeusi kama tambara la kufutia masizi. Hapo ndipo mtoto hulala Jumapili tukipanda naye. Nikaitandaza mezani mbele yake. Akacheka, kisha akainusa, kicheko kikaisha.

Nikamwambia, “Haya, na mimi niambie unapoumwa.”

Akasema, “Fundi nilimwambia kwa sababu fundi halii.”

Nikalia palepale, kumkomesha.

Lori litalala kwako siku mbili, kakubali. Vipimo vyake hivi hapa nyuma ya karatasi. Nimempima mwenyewe, kasimama wima kama yuko paredi. Usimpime tena. Kama kuna kosa, niandikie mimi.

Mama mtoto

Jumatano, 12 Juni

Mama mtoto,

Natumaini mmeamka salama. Vipimo ni sawasawa, hata fundi wa nguo hakuzidi. Bomba nimelipandisha, sakafu nimeiziba, vyuma vya paa vimekaa. Kesho njooni wote mlichukue lori. Mkanda sitamfunga mtu mpaka uwepo.

Dada yako

Jumapili, 30 Juni

Dada,

Tumshukuru Mungu, huku hakuna anayeumwa kichwa. Moshi unapita juu, na jioni mume wangu ananisikiliza mpaka mwisho, mpaka mimi nakosa la kusema.

Nikueleze ukweli. Nilikuombea uwe na sura mbaya. Siku tulipofuata lori, ulipovua ile miwani ya kuchomelea nikakasirika upya. Ndiyo maana ulipoinama kumwonyesha kifungo cha mkanda nilikuambia, “Pisha, nifunge mimi.” Ukapisha. Ahsante kwa hilo. Wivu haujaisha, nisikudanganye, akikutaja bado nahesabu mara ngapi.

Lakini tangu siku ile kila asubuhi namfunga mimi. Juzi mtoto alinichelewesha, nikajua keshaondoka. Nikatoka mbio. Nikamkuta amekaa kwenye kiti, mikono ameinua pembeni, injini hajawasha.

“Unafanya nini?” nikamuuliza.

“Nakungoja wewe.”

Mdogo wako