Gauni la Njano

Mjukuu wangu Kemilembe,

Hapa Kashozi tumeamka salama. Kifua cha babu yako kimetulia, na kahawa tumeianua kabla ya mvua. Umeniuliza kwa nini nilikwambia, kabla hujamkubalia huyo mama anayekutafutia kazi za ndani ng'ambo, umwombe kwanza uongee na msichana aliyempeleka kabla yako.

Nilipokuwa msichana, mama mmoja mgeni alikuja kumchukua rafiki yangu Koku, akapike kwenye kambi ya wavuvi, visiwa vya ziwani. Alimletea gauni la njano la kusafiria. Lilikuwa refu, nikampindia upindo kwa uzi mweusi, maana wa njano hatukuwa nao. Koku aliondoka akicheka. Hatukupata habari zake tena.

Msimu wa kahawa uliofuata, yule mama alikuja kwetu. Alikuwa mpole. Alitafuna buni za kahawa tulizomkaribisha nazo, kama desturi yetu, akausifia uji wetu, kisha akanipa zawadi, gauni la njano. Nilipolikunjua niliona upindo wa uzi mweusi. Mishono yangu iliyopinda naijua.

Nilimwonyesha mama yangu. Akamwuliza mgeni taratibu, "Koku yuko wapi?"

Yule mama alitabasamu tu. Alilikunja gauni vizuri, akalirudisha kwenye mkoba, akatuaga, akashika njia ya migombani kuelekea kwa jirani yetu mwenye mabinti.

Mama yangu alivua kandambili, akakimbia kwa njia ya mkato, afike kabla ya lile gauni.

Bibi yako,
Ma Felista