Uji Mzito wa Mama

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, mlima umejifunika, leo siku ya nne sijauona. Afadhali. Sina hamu ya kutazamwa na kitu chochote kikubwa.

Nina hasira, na safari hii sina wa kumsukumia.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naendesha mashine kwenye kiwanda kidogo cha unga wa uji, nje kidogo ya Kiboriloni, Moshi. Mashine yenyewe ni pipa refu la chuma lenye parafujo mbili ndani, zinazunguka bega kwa bega. Sisi tunaziita Mapacha. Mahindi na soya vilivyoparazwa vinaingia upande mmoja vikiwa vibichi, vinasukumwa, vinakandwa, vinapata moto, vinatoka upande wa pili vimefura kama bisi. Tunakausha, tunasaga, tunafunga. Nyumbani unachemsha dakika chache tu, uji tayari.

Watu wanadhani kazi yangu ni kubonyeza vitufe. Kazi yangu ni kuamua joto, mwendo wa parafujo, na maji yanayoingia. Ukiongeza joto na mwendo, ukabana maji, Mapacha wanakanda kwa nguvu mpaka wanga unakatika. Soya inaiva sawasawa, lakini uji unakuwa mwepesi. Ukifanya kinyume chake, uji unakuwa mzito, ila soya inatoka nusu mbichi. Na soya mbichi inamsumbua mtoto. Tumbo linajaa gesi, anaharisha, anakula bila kunenepa.

Sasa nenda kamwambie Mmachame kwamba uji mwepesi ni mzuri. Sisi tumelelewa kwa mtori, supu nzito ya ndizi. Uji usioshika kijiko ni maji ya kuoshea sufuria, na aliyekuuzia ni mwizi. Nilieleza mpaka nikachoka: kwa kuwa ni mwepesi, unaongeza unga kwenye kikombe kilekile na mtoto anashiba kweli. Nani anasikia? Wateja wa Sanya Juu walirudisha pakiti. Mama yangu mzazi alikuwa akipokea unga wangu, anashukuru vizuri, halafu anawapa kuku. Nilimkuta mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita bosi akaniita. Akasema mteja hataki somo, anataka uji. Nipunguze joto, nipunguze mwendo, niongeze maji. Nikamwambia soya haitaiva. Akaniuliza ni nani niliyewahi kumzika kwa sababu ya soya.

Nikafyata mkia.

Kila zamu kuna kipimo. Unaweka unga kidogo kwenye kisahani, unadondoshea dawa, unasubiri dakika chache. Ukibaki ulivyo, soya imeiva. Yakitokea madoa mekundu, bado. Siku ile kisahani kilitoka madoa kama mtoto mwenye surua. Nilikitazama, nikakiosha, nikachukua karatasi ya zamu, nikaandika "imeiva" na kusaini. Jina kamili, tena kwa mwandiko mzuri.

Unga ukanunuliwa wote. Hakuna aliyerudisha hata pakiti moja.

Leo nimepanda Machame kusali na Mama. Baada ya ibada, kama kawaida, tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka: mikungu ya ndizi, mayai, jogoo mmoja mkorofi. Halafu nikaona pakiti mbili za unga wangu zimenyanyuliwa juu. Mama ndiye aliyezitoa; kumbe siku hizi anaununua mwenyewe dukani. Mama, ambaye hapendi kusemasema mbele za watu, akasogea mbele na kuwatangazia washarika wote kwamba unga huo umetengenezwa na Ndeshi wake. Watu wakapiga makofi. Pakiti zote mbili zikachukuliwa na dada mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Nilitabasamu. Hilo nalo naliandika hapa, nisije kujidanganya baadaye.

Nyumbani akanipikia uji huohuo. Akasimamisha kijiko katikati ya bakuli, kikasimama kweli, akacheka. "Sasa ndiyo mmejua kupika," akasema. Tangu nianze kazi pale kiwandani nimesubiri maneno hayo. Sikujua yatakuja siku ambayo siyastahili.

Ndipo mdogo wangu Aika akatoka chumbani na mwanawe Elia, ana miezi minane. Tumbo limevimba, analia kwa sauti iliyochoka. Tangu Alhamisi anaharisha. Wote wameamua ni meno. Na kwa kuwa mtoto anayeota meno anahitaji nguvu, Mama alikuwa amemwongezea uji. Badala ya mara mbili kwa siku, mara tatu.

Niliweka bakuli chini nikasema yote. Joto, maji, kisahani, madoa. Nilianza na bosi, bila shaka. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ule mwepesi ndio uliokuwa mzuri."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulijua."

Bosi hakumuulizia kabisa. Aika alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya zahanati bila kuniangalia. Mama akachukua pakiti iliyobaki, akaenda bandani akaimwaga kwenye ndoo ya ng'ombe. Akarudi akaniambia Jumapili ijayo nitasimama palepale aliposimama yeye, niwaambie washarika mwenyewe. Lakini yule dada wa mnada nisimsubirishe mpaka Jumapili, niende kwake leo. Nimekwenda. Alikuwa ameshakoroga uji.

Kwetu mtoto haondoki kwa mama yake mikono mitupu. Hata ukiwa umegombana naye, utabebeshwa ndizi, maziwa, parachichi mbili tatu za kukuharibia mfuko. Leo Mama aliniaga vizuri, akaniambia nisalimie Moshi, akaingia ndani. Mfuko wangu uko hapa mezani, umekunjwa kama nilivyoubeba asubuhi.

Aika ametuma ujumbe: Elia amepewa dawa ya maji na chumvi, amelala. Ujumbe hauna salamu.

Kesho nitawasha Mapacha kabla bosi hajafika, nirudishe joto, mwendo na maji palepale pa zamani. Akija, nitapima upya unga wa zamu ya mwisho, nimwekee kisahani chenye madoa mbele ya chai yake, na karatasi niliyosaini, nimwambie tuanze kuwapigia wauzaji wa Sanya Juu waurudishe unga. Akinifukuza, na anifukuze.

Naandika hivyo kwa ujasiri mkubwa. Lakini kuna swali linanifuata tangu nishuke mlimani. Sanya Juu kuna watoto wangapi wanaosemwa wanaota meno, na wiki mbili nzima nimelala usingizi mzuri. Kama Elia asingekuwa wetu, kesho si ningesaini tena?