Foleni ya Tatu

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji na wapwa zangu, hasa yule mdogo aliyeniahidi kuninyoa ndevu. Natumaini mgongo wako umeanza kukuonea huruma. Mimi mwili ni mzima na kazi inakwenda, ila moyo umegoma, ndiyo maana leo nimeshika kalamu badala ya kukupigia.

Unajua pale hospitalini mimi ndiye ninayetunza mtandao. Laini ya intaneti ni moja, sisi tunaoigombania ni zaidi ya mia. Mwaka jana picha moja ya eksirei ilichukua nusu saa kumfikia daktari bingwa wa mji mwingine, kwa sababu watu walikuwa wamejazana kwenye video za mpira. Mkuu wangu akaniita, akaniambia nitafute dawa. Nikaipata kwenye kompyuta ya Linux iliyo kabatini, jirani na meza yangu, ambayo kila kinachoingia na kutoka lazima kipite humo. Niliigawa laini katika foleni tatu: ya kwanza eksirei na maabara, ya pili ofisi, ya tatu simu zote za mkononi. Kila foleni nikaipa kiwango chake. Picha zikaanza kufika kwa dakika moja. Wauguzi wakanibandika jina la Trafiki, nikipita koridoni wananipigia mluzi na kuninyooshea mkono nisimame, nami nikavimba kichwa kweli kweli.

Wiki ya pili yake ndipo uliponipigia ile alasiri, ukaniambia Baba, mgonjwa kitandani, anataka kuniona kwa video. Simu yangu ilikuwa kwenye mtandao wa hospitali kama za wengine. Nilimwona mara moja tu, shuka ya bluu mpaka kidevuni, kisha uso wake ukaganda mdomo wazi na sauti ikaja vipande vipande. Nilikufokea kwamba simu yako imechoka, umtoe nje penye mtandao. Sikufikiria hata kidogo kutumia bando langu, kwa jinsi nilivyokiamini nilichokitengeneza. Wewe na shemeji mkambeba na godoro lake hadi barazani, manyunyu yakiwapiga, na huko nako uso ukaganda vilevile. Baadaye ulinieleza kwamba alikuuliza kwa nini nimemkatia, ukamjibu kwamba ni simu yako tu mbovu, na hakusema neno tena. Kesho yake hatukuwa na baba.

Msibani, baba mdogo alikusema mbele za watu kwamba umemtoa mgonjwa kwenye baridi kwa ajili ya simu. Ulilia mpaka ukaishiwa sauti. Mimi nilikuwa nimekaa kando yako, nikanyamaza, kwani hata mimi nilidhani kosa ni la simu yako. Ukaifungia sandukuni, na mpaka leo ukitaka kunijulia hali unaazima ya jirani.

Dada, niliporudi kazini nilifungua kumbukumbu za ile kompyuta. Kila foleni, ukishaipa kiwango, unaiongezea mstari mmoja wa maagizo wa kuiruhusu itumie nafasi ya wenzake wasipokuwepo. Foleni ya kwanza na ya pili niliziandikia. Ya tatu niliisahau. Alasiri ile mashine ya eksirei ilikuwa kwenye matengenezo, watu wa ofisi walikuwa mkutanoni, laini ilikuwa tupu kabisa. Simu zote, na yangu ikiwemo, zilibanana kwenye upenyo niliouacha mimi. Uso wa Baba ulikuwa unafika mpaka kabatini na kutupwa humo, hatua nne kutoka nilipokaa nikikufokea.

Nilirekebisha kwa dakika mbili, nikafunga kabati. Sikumwambia mtu. Nimekuacha na lawama hiyo mwaka na miezi miwili, nikijua. Simu yako ni nzima, dada, na ilikuwa nzima siku ile. Baba aliuliza kwa nini nimemkatia, na kweli niliyemkatia ni mimi.

Baba mdogo nimemwandikia haya haya, nimemwomba ayasome mbele ya wote waliokusikia ukisemwa. Ijumaa nitapanda basi nije. Ukiona huwezi kunitazama, mwambie shemeji anizuie getini, nitageuza bila kinyongo.

Wabusu wapwa zangu, na shemeji mwambie namheshimu sana.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hujawahi kumnyima kitu.