Mkeka wa Mama Ukutani

Ilagala, Jumapili

Na bado ananiita mimi mshamba, huyu wifi yangu Zawadi. Leo amekuja kutoka Mwanga, huko mjini, eti kutupambia nyumba. Akauchukua mkeka wa mama yake, ule wa ukindu mwekundu na kijani, akaugongomea misumari ukutani. Kisha akajirekodi kwa simu akisema ameusuka mwenyewe. Mtu asiyejua hata kuchana ukindu.

Mama mkwe alikuwa barazani akimenya mihogo, akasikia yote. Nikamuuliza mbona amenyamaza.

"Mwache," akasema. "Upande wa nyuma kauweka mbele."

Nilicheka mpaka machozi.

Zawadi alipoondoka niliuteremsha. Una matundu manne. Vidole vya mama haviwezi tena kusuka. Huo ndio mkeka wake wa mwisho, na yule mpumbavu kautoboa.