Sumaku Aliyoipangusa Baba

Uani kwa Baba,
Jumapili jioni, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Kifua cha mwanao kimepoa? Huku hatujambo, ila tumechoka. Mama miguu inamvimba, lakini bado anafoka, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Ile nati ya kuziba tundu la kumwagia oili uliyotutumia, yenye sumaku, ndiyo imeniletea kazi ya kukuandikia. Tukimwaga oili ya lori, sumaku inakuwa imenasa chuma kilichosagika ndani ya injini. Ukikuta tope laini la kijivu, hamna neno. Ukikuta vipande, injini inajila yenyewe.

Unamjua Baba na lori lake. Mama analiita mke mwenzake mpaka leo. Nati hiyo alikuwa akiifungua yeye tu, haachii mtu. Mimi naletewa ikiwa safi, nami naisifu injini kama mjinga.

Juzi mgongo ulimkamata, nikaingia chini ya lori mwenyewe. Dada, sumaku ilikuwa imeota ndevu. Vipande vingine ukubwa wa kucha ya mtoto. Nilipomwonyesha, hakushtuka hata kidogo. Akakiri kwamba tangu mwaka jana huipangusa kwa kitambaa kabla sijaiona.

Nilikasirika, sikufichi. Anateremka na saruji ule mlima kila wiki. Injini ikizima pale na mzigo wote ule, breki zikafa, tutamzika. Nikamwambia lori halitoki tena, na ufunguo nakaa nao mimi. Akaketi juu ya tairi la akiba, akajifuta mikono iliyokwisha kuwa mikavu.

“Chukua,” akasema. “Lakini kesho nikiamka, niende wapi?”

Nikauchukua. Kutwa nzima nazunguka na ufunguo mfukoni kama mwizi.

Leo alfajiri nimemkuta sebuleni, amevaa ovaroli, viatu kavifunga kamba, ameketi tu. Nimepita nikaenda kuchemsha chai.

Nakuomba umpigie simu asubuhi, mapema, saa zile alizokuwa akiondoka. Lori usilitaje. Mwulize lolote, mradi awe na mtu anayemsubiri.

Msalimie shemeji na mwanenu, huyo Kijiko wenu. Shangazi mshonaji anakukumbuka sana. Mungu awafunike huko mliko, na sisi atuongezee subira.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako, fundi